Maswali ya wasomaji: Windows 10 ya majaribio, tuipige au tuiache kwanza?

Toleo hili la mwishoni mwa Oktoba 2014 nilipanga kujibu maswali ya printa yaliyolala humu tangu mwezi wa tisa, wenye printa mnisamehe tena, maana tangu tarehe 1 Oktoba 2014 kila anayeniandikia anauliza kitu kimoja tu, hii Windows 10 ya majaribio. Basi nimeipiga mwenyewe kwenye laptopu yangu ya zamani, nimekaa nayo wiki tatu na ushee, na nimechagua barua chache nikazifupisha. Zilizobaki zinauliza hayohayo.

Shikamoo anko. Mimi niko chuo Morogoro mwaka wa tatu, nina laptopu moja tu yenye Windows 7 na ripoti yangu ya fildi natakiwa niikabidhi mwezi wa kumi na moja. Rumeti wangu kaweka Windows 10 anatamba nayo hosteli nzima. Na mimi niiweke? Halafu Windows 9 iko wapi, mbona tumeruka?
*Mwanafunzi, Morogoro*

Marahaba. Laptopu moja, ripoti haijaisha, halafu unauliza? Usiiweke. Rumeti wako mwache atambe, wewe maliza ripoti.

Ngoja nikusimulie yaliyonikuta ili usidhani nakubania. Laptopu yangu diski yake nilishaigawa mara mbili, C ina Windows, D ina mafaili yangu. Siku ya kuipiga umeme mtaani kwetu ulikuwa unakatika na kurudi tangu asubuhi, betri ya laptopu ni ya dakika ishirini, kwa hiyo nina haraka ya ajabu, nikafika pale panapouliza uiweke partisheni ipi, na pale hakuna C wala D, wanakuandikia tu partisheni ya 1, partisheni ya 2, na mimi kichwani nina hakika kwamba ya 1 ni kile kipande kidogo cha kuwashia mashine. Nikafomati ya 2. Ilikuwa ndio D. Picha za harusi mbili za ndugu, video ya marehemu babu akicheza bao, na makala za miaka minne, vyote vikaenda. Sio kosa la Windows, ukubwa wa kila partisheni umeandikwa pale pembeni, ningesoma tu. Ila ujue kwamba mtu anayefanya hii kazi ya kompyuta kila siku kakosea kitu kidogo namna hiyo, na wewe ndio mara yako ya kwanza.

Kuhusu 9, Microsoft wenyewe tarehe 30 Septemba pale San Francisco, Terry Myerson na Joe Belfiore, wakubwa wa Windows huko, walipopanda jukwaani kuitambulisha, walisema jina ni 10 basi, wakatania kidogo wakasonga mbele. Mtandaoni kuna maneno kwamba programu nyingi za zamani ziliandikwa zikitafuta neno linaloanza na "Windows 9" ili zijue kama ziko kwenye 95 au 98, kwa hiyo Windows 9 ya kweli ingezichanganya. Inaingia akilini, ila ni maneno ya watu, Microsoft hawajayasema.

Sasa bro. Mimi niko Nakuru, mwaka jana nilinunua laptop ikakuja na Windows 8 na mpaka wa leo sijaizoea, hata kuizima ni shida. Wanasema menyu ya Start imerudi. Ni ukweli ama ni ile ya kutudanganya kama 8.1?
*Mchoshwa wa Nakuru*

Poa kaka. Imerudi, na safari hii sio danganya toto.

Kwa ambao hawakupitia hayo mateso, Windows 8 ilipotoka tarehe 26 Oktoba 2012 walikitoa kile kibatani cha Start pale kona ya chini kushoto ambacho watu walikizoea tangu Windows 95, badala yake ukiwasha mashine unakutana na ukurasa mzima wa vigae vya rangi rangi, na kuzima unapeleka mausi kona ya kulia, unasubiri kitokee kipande cheusi, unaingia kwenye mipangilio, halafu ndio unatafuta alama ya umeme. Namjua dada mmoja karani aliyekuwa anazima kompyuta ya ofisini kwa kuchomoa waya ukutani, kila siku saa kumi na nusu, miezi mitatu, na alikuwa haoni aibu kukwambia. Kelele zikawa nyingi, tarehe 17 Oktoba 2013 ikaja 8.1 na kibatani kimerudi, watu wakashangilia, wakakibofya, kikawapeleka kwenye vigae vilevile. Ndio huko kudanganywa unakokusema.

Sasa hii ya majaribio ukibofya Start inafunguka menyu kweli. Upande wa kushoto ni orodha kama ya Windows 7, programu unazozitumia sana, chini pana sehemu ya kutafutia. Upande wa kulia wameweka vile vigae vya Windows 8, ila sasa vimetiwa adabu, unaweza kuvipunguza ukubwa, kuvihamisha, au kuvitoa vyote ukabaki na orodha yako tu. Mi nilivitoa vyote siku ya kwanza, siku ya nne nikarudisha cha hali ya hewa, sijui kwa nini, hali ya hewa ya Dar naijua, ni joto. Kitufe cha kuzima kiko juu kabisa pembeni ya jina lako, peupe.

Kitu cha pili ambacho kwa kweli ndio kimenifurahisha kuliko hata menyu, zile programu za vigae ambazo kwenye Windows 8 zilikuwa zinajaza skrini nzima hata kama ni kikokotoo, yaani unataka kujumlisha bei ya vitu vitano unapewa kikokotoo ukubwa wa meza, sasa zinafunguka ndani ya dirisha la kawaida lenye alama ya kufungia pale juu kulia, unaliburuta, unalipunguza, unaliweka pembeni ya kazi yako. Kitu kidogo lakini ndio kinachofanya mashine ijisikie ni moja, maana Windows 8 ilikuwa kama nyumba moja yenye wapangaji wawili wasiosalimiana.

Halafu kuna deskitopu nyingi. Unabonyeza Windows, Ctrl na D kwa pamoja unapata deskitopu mpya tupu, mi naweka kazi ya gazeti kwenye moja, mambo ya nyumbani kwenye nyingine, kuhama unabonyeza Windows, Ctrl na mshale. Watu wa Linux, ule mfumo mwingine wa kompyuta, watacheka kwamba wanayo tangu enzi, wacheke, wana haki. Madirisha pia sasa yanagawana skrini nne kwa kona, zamani ilikuwa mawili tu. Na ile skrini nyeusi ya kuandikia amri, mafundi mnaijua, sasa ukishaiwashia vitu vyake vya majaribio kwenye mipangilio yake inakubali Ctrl na V. Belfiore alipolionyesha hilo jukwaani walimpigia makofi, na ukiwahi kukaa usiku unaandika upya kwa mkono njia ndefu ya folda kwa sababu haikubali kupesti, utaelewa makofi yalikuwa ya nini.

Sio kila kitu nimekipenda. Kwenye mstari wa chini wameongeza vibatani viwili, cha kutafuta na cha kuonyesha madirisha yote, na hili toleo la kwanza halikupi njia ya kuvitoa, watu wengi wanalalamikia hilo. Ukifungua mafaili sasa inakuonyesha kwanza yale uliyoyafungua karibuni na folda unazozipitia sana. Kwa mtu anayekaa peke yake ni raha. Kwa mtu ambaye laptopu inashikwa na nyumba nzima, ehe, jihadhari unafungua nini.

Wewe wa Nakuru, kama laptopu yako ni ya kazi, subiri, ila moyo utulie. Wamesema itatoka rasmi mwaka 2015, bei hawajaitaja.

Habari za kazi mwandishi. Mimi ni mhasibu, nimesoma mahali kwamba hii Windows inarekodi kila unachoandika mpaka paswadi. Ni kweli au ni uzushi?
*Mhasibu, Mwanza*

Nzuri dada, au kaka, hukusema. Sio uzushi kamili. Nimekaa nikasoma yale maelezo ya faragha ambayo wote huwa tunabofya "nakubali" bila kusoma, na wenyewe wameandika kwamba ukiwa unatumia toleo hili wanaweza kukusanya taarifa za mashine na matumizi yako, ukifungua faili wanaweza kuchukua taarifa za hilo faili na programu iliyolifungua, na ukiandika wanaweza kukusanya herufi unazoandika, wanasema ni kwa ajili ya kuboresha vitu kama usahihishaji wa maneno. Hakuna walichoficha, kimeandikwa, sisi ndio hatusomi.

Mi naona hivi. Ukiingia jikoni kuonja mchuzi kabla haujaiva, mpishi anakutazama usoni aone umekunja au hukukunja, ndio maana kakuita. Hii Windows haitolewi bure sasa hivi kwa ukarimu, wanataka kukuona unavyohangaika. Imekuja na programu ya kutuma maoni palepale, na katikati ya mwezi huu Belfiore alisema waliojiandikisha wamevuka milioni 1 na maoni yaliyotumwa yamevuka 200,000. Na alisema kitu kingine cha kukufaa wewe mhasibu, kwamba asilimia 36 ya walioiweka wameiweka ndani ya mashine ya kufikirika, yaani hawakugusa Windows yao kabisa. Unashusha programu kama VirtualBox, ya bure, inatengeneza kompyuta ya bandia ndani ya kompyuta yako, unaipiga Windows 10 humo, inafunguka kwenye dirisha kama vile unaangalia video, ukichoka unafuta faili moja imekwisha. Ila kompyuta yako iwe na RAM angalau GB 4, maana unalisha mashine mbili kwa sahani moja.

Vitabu vya watu, paswadi za benki, namba za wateja, usiviweke humo hata kwa bahati mbaya. Mi mwenyewe sijaingia hata kwenye barua pepe yangu kubwa, nilifungua nyingine ndogo kwa ajili yake.

Asalaam aleikum. Kuna fundi huku anauza DVD ya Windows 10 kwa elfu kumi na tano, anasema ni fulu, imeshakrakiwa, haitakuja kudai leseni maisha. Nimempa advansi elfu tano. Nimepigwa?
*Baba wa watatu, Mbagala*

Waaleikum salaam. Umepigwa, ila sio sana.

Hakuna Windows 10 fulu duniani hadi sasa, Oktoba 2014. Alichonacho ni hiihii ya majaribio ambayo mtu yeyote anaishusha bure kwenye tovuti ya Microsoft, haihitaji kukrakiwa kwa sababu haikufungwa. Na hiyo "maisha" yake ina tarehe, toleo hili linaisha muda tarehe 15 Aprili 2015. Ukitaka kumuumbua, mwambie awashe mbele yako kisha angalia kona ya chini kulia ya deskitopu, pameandikwa kabisa kuwa ni toleo la majaribio na namba yake, la kwanza ni 9841. Kama kona hiyo ni tupu basi ni hatari zaidi, maana kuna mtu kaichezea ndani na hujui kaweka nini kingine.

Ila tumtendee haki, faili la ile ya biti 64 ni karibu GB 4, bando la kushusha hilo sio maji. Akisema elfu tano yako ni ya bando na DVD na jasho lake, mi nisingegombana naye. Hiyo elfu kumi iliyobaki usimpe.

Shikamoo. Mimi nina kiduka, natumia kile kilaptopu kidogo cha RAM GB 1, ni kizito mpaka nawasha naenda kufagia ndio narudi. Mwanangu anasema Windows 10 ni nyepesi itakifufua.
*Mama duka, Tanga*

Marahaba, lakini kwa kweli mimi ndio ningekuamkia mama. Vigezo ni karibu vilevile vya Windows 7, prosesa ya GHz 1, RAM GB 1 kwa ile ya biti 32 au GB 2 kwa ya biti 64, na nafasi GB 16. Kwa hiyo kwa karatasi kinapita, kwa nukta. Yangu mimi ina GB 2 na inawaka haraka kuliko ilivyokuwa na Windows 7, hilo nakiri, ila wifi haikushika kabisa siku mbili, draiva, ile programu inayoifanya Windows ielewane na kifaa, waliotengeneza kile cha wifi hawajaiandaa kwa Windows hii, nikawa natumia waya, na mwanga wa skrini umegoma kushuka mpaka leo, usiku nakaa kama nimeelekezewa taa za gari. Sasa wewe mauzo yako yako humo. Mwambie mwanao akuongezee RAM, na aondoe zile antivairasi, nina uhakika ziko mbili, zinapigana zenyewe kwa zenyewe.

Ofisi yetu bado inatumia Windows XP. Tunaweza kupanda moja kwa moja mpaka 10?
*Sekretari, Dodoma*

Hapana, kutoka XP haipandi juu, ni kufuta na kupiga upya. Lakini ofisi isiende kwenye kitu cha majaribio, nendeni Windows 7, na mfanye mapema, XP Microsoft waliacha kuihudumia tangu tarehe 8 Aprili mwaka huu wa 2014, tundu lolote likigunduliwa sasa linabaki wazi.

Kaka mi nimeshaiweka tayari juu ya Windows 7, sijafuta kitu, ila programu ya kazini haifunguki. Narudije?
*Kiherehere, Arusha*

Umejiita mwenyewe. Maelezo yao yanasema utahitaji ile diski ya Windows 7 au diski ya kurudishia uliyotengeneza kabla, na kama hukutengeneza basi tafuta diski ya Windows 7 inayolingana na leseni yako, ile stika iliyobandikwa chini ya laptopu. Kabla ya lolote hamisha mafaili yote kwenye diski ya nje, yafungue mawili matatu kwenye kompyuta nyingine uone kweli yamehama, halafu ndio uanze. Nasema kama mtu wa partisheni ya 2.

Salamu kutoka Muscat. Wazee wetu huku wanasoma Kiswahili kuliko Kiingereza, je hii mpya ina Kiswahili?
*Mswahili wa Muscat*

Wasalimie wazee. Bado. Ya majaribio imetoka kwa Kiingereza cha Marekani na cha Uingereza, Kichina kilichorahisishwa na Kireno cha Brazil, basi. Ila Windows 7 na 8 zina kifurushi cha Kiswahili cha kuweka juu yake, cha bure, na mi kwa uzoefu wangu wazee wanakipenda wiki ya kwanza wanapoisoma mashine inaongea lugha yao, vijana ndio wanaokitoa wakisema hawaelewi maneno. Kwa hao wazee weka Windows 7 na hicho kifurushi.

Oya bro, niliiweka wiki ya kwanza ikawa fresh, juzi nimewasha nikakuta bando lote limeliwa usiku na mashine inajirestati yenyewe. Ni vairasi?
*Kijana wa Kigoma*

Sio vairasi, ni toleo jipya. Tarehe 21 mwezi huu walitoa namba 9860, ina marekebisho karibu 7,000 na kile kisehemu kipya cha pembeni kinachokuwekea arifa za programu zako mahali pamoja, na haiji kama kiapdeti kidogo, inakuja Windows nzima, zaidi ya GB 2, inajipiga upya juu ya ile ya zamani na mafaili yako yanabaki. Kwa wenzetu wenye intaneti ya waya isiyoisha hiyo ni habari njema. Kwa wewe na mimi ni bando la mwezi.

Fanya hivi, ingia kwenye mipangilio ya PC, sehemu ya apdeti, utaona pa kuchagua kasi, haraka au polepole. Weka polepole, utapata matoleo machache ambayo wenye haraka wameshayaonja. Na kwenye wifi yako, kama unawashia hotspoti ya simu, iwekee alama kwamba ni ya kulipia kwa kiasi, hapo Windows inapunguza sana kushusha vitu vikubwa kimyakimya.

Na usinione mjanja, nimeyajua haya kwa kuchelewa kama wewe. Hapa ninapoandika yangu iko asilimia 61 inashusha, salio la bando limebaki MB 300, na wifi nimeizima kwa mkono nione kesho ofisini kwa mtu kama itaendelea ilipoishia au itaanza moja.